Bwana wa Kasri la Njoro na Shule Yake ya Shamba

Mpenzi msomaji, huenda ukastaajabu kuona kwamba leo, badala ya habari za mashaha na manahodha wetu, nakuletea maisha ya Mwingereza mmoja aliyeishi bara, mbali na bahari, katika nyanda za juu za Njoro karibu na Nakuru. Mtu huyo hakuwa wa dini yetu wala wa kabila letu, na mlango alioujenga hakuujengea mimi wala wewe. Hata hivyo nina deni naye, na papo hapo nina daawa naye. Mambo hayo mawili nimeyabeba kifuani kwa zaidi ya miaka arobaini, na leo nataka kuyatua mbele yako uyapime.

Jina lake ni Maurice Egerton, ambaye wengi nchini Kenya humjua kama Lord Egerton. Lakini safari yangu ya kumjua haikuanzia Njoro. Ilianzia Magunga.

Magunga ni mji mdogo katika nchi ya Gwassi, kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Viktoria. Leo mji huo umo katika kaunti ya Homa Bay. Zamani zile ilikuwa wilaya ya South Nyanza. Nilifika huko mwaka 1976, kijana wa Kisauni niliyelelewa chini ya minazi, nikiwa mwanafunzi wa kilimo niliyetumwa kujifunza kazi chini ya bwana shamba wa huko. Nilipanda meli Kisumu hadi Kendu Bay, na hapo moyo wangu ulitulia kidogo, kwani niliwakuta Waislamu wa Kijaluo wenye msikiti wao na ukarimu wao, nikaswali nao Ijumaa. Kisha nikaenda Homa Bay, na kutoka hapo nikapanda lori lililobeba magunia na watu pamoja, mpaka Magunga.

Kesho yake bwana shamba alinipeleka kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyelima mahindi, mtama na njugu kwenye mteremko wa kilima. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, akanitazama viatu vyangu, kisha akauliza nilisomea wapi. Nikataja jina la chuo changu kwa majivuno. Mama akauliza kama huyo mwenye jina la chuo alikuwa mkulima, ama alikuwa mwenye mali tu. Nilibabaika. Nilikuwa nimelala na kuamka chini ya jina lile miaka miwili, na sikuwa najua jibu. Basi niliporudi Njoro nilianza kuuliza wazee, na yafuatayo ndiyo niliyoyakusanya tangu wakati huo hadi leo.

Maurice Egerton alizaliwa Uingereza tarehe 4 Agosti mwaka 1874, katika ukoo wa mabwana wenye ardhi nyingi. Makao yao yaliitwa Tatton, karibu na mji wa Knutsford katika jimbo la Cheshire. Hakuwa mtoto wa kwanza, wala hakutarajiwa kurithi cheo. Labda kwa sababu hiyo ujana wake aliutumia kwa mambo yaliyompendeza mwenyewe. Alipenda mitambo. Magari yalipokuwa bado ni kioja barabarani, yeye aliyaendesha. Ndege zilipoanza kuruka, naye akataka kuruka. Mwaka 1910 alipewa cheti cha urubani namba 11 cha chama cha marubani wa Uingereza, maana yake ni kwamba nchi nzima ilikuwa na watu kumi tu waliomtangulia kupata cheti hicho. Zaidi ya hayo alikuwa msafiri na mwindaji mkubwa. Pembe na ngozi za wanyama aliowapiga zilijaa hata akajengewa ukumbi mzima huko Tatton wa kuziweka.

Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Baron Egerton wa nne wa Tatton. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, hana mke wala mtoto. Katika miaka hiyo ya 1920 alianza kuiandama Kenya, na hatimaye akajipatia ardhi karibu na Njoro, katika sehemu iliyoitwa nchi ya juu ya wazungu.

Hapa, msomaji, ndipo penye mwiba, wala sitaki kupita pembeni. Nyanda zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wamasai. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya nao mkataba wa kuwahamisha kutoka Bonde la Ufa, na walowezi wakagawiwa. Lord Delamere, aliyekuwa kiongozi wa walowezi, alipata peke yake eka laki moja katika Njoro mwaka 1903. Ardhi aliyoipata Egerton baadaye ilitoka katika mgao huo wa Bonde la Ufa. Sisi wa Pwani tunaielewa habari hii bila kufasiriwa, kwani tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 tuna vijiji ambavyo watu wake huzaliwa na kuzikwa katika ardhi inayoitwa ya mtu mwingine.

Katika ardhi hiyo Egerton alijenga kasri. Alianza mwaka 1938, vita vikamsimamisha, akamaliza mwaka 1954. Ni jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya hamsini, lililosimama katikati ya mashamba kama lililochukuliwa Uingereza na kutuliwa pale. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyempenda, na kwamba mwanamke huyo alipoiona nyumba yake ya mwanzo aliidharau, akaifananisha na banda la kuku. Husimuliwa pia kwamba baada ya hapo hakutaka mwanamke yeyote akanyage kwake. Lililo wazi ni kwamba hakuoa, na kwamba katika jumba lile aliishi miaka michache tu, peke yake na watumishi wake. Kwa kejeli ya dunia, siku hizi kasri hilo ni mali ya chuo kikuu, na maarusi huenda kufanyia harusi zao humo.

Sasa tuje kwenye lile lililoniunganisha naye. Mwaka 1939, mwaka ule ule vita vikuu vya pili vilipoanza, Egerton alitoa eka 740 za ardhi na kuanzisha shule. Hakuiita chuo wala akademia. Aliiita Shule ya Shamba, na jina hilo lilikuwa na maana yake. Nia yake ilikuwa kuwatayarisha vijana wa Kizungu kwa kazi ya kilimo nchini Kenya. Mwanafunzi hakukaa darasani akangoja siku ya kuonyeshwa ng'ombe. Shule ilikuwa ndani ya shamba, na shamba lilikuwa katikati ya wale ambao kesho wangemwajiri. Pale Njoro palikuwa na kituo cha kuzalisha mbegu za ngano tangu mwaka 1927. Kampuni ya Unga ilikuwa imeanzishwa na Delamere tangu 1908. Chama cha wakulima kilikuwa Nakuru, na ushirika wa maziwa wa KCC ulikuwa umeanza mwaka 1925. Kijana akitoka shuleni alikuwa hana haja ya kuuliza kazi iko wapi. Kazi ilikuwa upande wa pili wa ua.

Nilipolifahamu hilo niliona kwamba yule bwana aliyesomea mitambo kwa kuishika kwa mikono alikuwa ameelewa jambo ambalo mababu zetu walilijua kabla yake. Nenda Matondoni, Lamu, ukawaangalie mafundi wa majahazi. Kijana hujifunza kwa kushika msumeno pembeni mwa mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye mwalimu, ndiye mwajiri, na ndiye shahidi wa kazi. Wala neno letu mwanafunzi haliko mbali na neno fundi. Na mkwezi wa nazi je, nani amepata kumwona aliyefundishwa kukwea ubaoni? Elimu isiyo na amali, wamesema wazee, ni mti usiozaa.

Lakini Egerton aliielewa hekima hiyo kwa watu wa rangi moja tu. Mwafrika aliingia katika shamba lile akiwa kibarua, hakuingia darasani akiwa mwanafunzi. Kijana wa Gwassi aliyetaka elimu ya kilimo alikwenda Bukura au Siriba kule Maseno, na wachache mno waliobahatika walikwenda Makerere. Sisi Waislamu wa Pwani tulikuwa na jambo letu. Mwaka 1951 chuo cha MIOME kilifungua milango yake Mombasa kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha za Aga Khan, za Sultani wa Unguja, na za wengineo. Humo zilifundishwa kazi za ufundi. Kwa hiyo, katika nchi moja, kila jamii ilitengewa mlango wake, na mlango wa ardhi nzuri ulikuwa wa wachache.

Baada ya vita shule ya Njoro iliwapokea walowezi wapya, wengi wao waliotoka jeshini. Lakini upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Vita vya Mau Mau vilipoanza, ardhi ndiyo iliyokuwa kiini chake. Mwaka 1954 serikali ilitoa mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la afisa wa kilimo aliyeutunga, ambao ulitaka wakulima Waafrika wapewe hati za ardhi na waruhusiwe kupanda mazao ya biashara ambayo zamani walinyimwa. Mpango huo ulihitaji mabwana shamba wengi, na mabwana shamba hawaoti kama uyoga. Kufikia mwaka 1955 Shule ya Shamba ilikuwa imekuwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, chenye kozi ya mwaka mmoja ya cheti na ya miaka miwili ya diploma.

Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, Egerton alikuwa ameongeza eka nyingine 1,100 kwa chuo. Tarehe 30 Januari mwaka huo alifariki Njoro. Hakuacha mtoto, na cheo cha ukoo wake kilikoma naye. Tatton, makao ya wazee wake, ilikwenda kwa shirika la kuhifadhi mali za kale la Uingereza. Hivyo mtu aliyezaliwa katika nyumba kubwa na kufa katika nyumba kubwa, jina lake halikubebwa na damu yake. Lilibebwa na shule.

Na shule ile, muda si mrefu baada ya kuzikwa kwake, ilifanya ambalo haikuundwa kulifanya. Ilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Katika miaka ya 1960 ikapata mkuu wake wa kwanza Mwafrika, Dakta William Odongo Omamo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo. Nami, mtoto wa mkwezi wa Kisauni, nikaingia katika mlango huo, nikapewa kitanda, kitabu na jembe.

Turudi Magunga. Mama yule mjane alikuwa na shamba la mahindi lililodumaa, majani yamegeuka manjano, na katikati ya mistari mumechanua maua madogo ya zambarau, mazuri kuyatazama. Nikatoa daftari. Nikamweleza habari za mbegu za kisasa na za kupanda kwa kamba. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akachimba taratibu kwa kidole, akang'oa ua moja pamoja na mzizi wa hindi, akanionyesha jinsi mizizi miwili ilivyong'ang'aniana, mmoja ukiunyonya mwenziwe. Aliita mmea ule kayongo. Ni gugu ambalo wataalamu huliita striga. Akanieleza kwamba likionekana juu ya ardhi, madhara yake chini yamekwisha kufanyika. Kwamba mbegu zake ni kama vumbi na hukaa ardhini miaka mingi. Kwamba hapana budi kuling'oa kabla halijatoa maua, kutia samadi, na kubadilisha, mwaka huu mahindi, mwaka ujao njugu. Na kwamba zile mbegu zangu za kisasa kayongo ilizipenda kuliko mtama wao wa zamani.

Wallahi niliona aibu. Gugu lile nilikuwa nimelisoma kitabuni na kulijibia mtihani, na lilipokuwa mbele ya macho yangu nililiita ua. Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii mwalimu. Lakini tangu siku ile daftari nililifungua upande wa pili, nikawa naandika anayoyasema yeye. Nilikaa Magunga majuma manane. Nilipoondoka, mama alinipa debe la njugu, na bwana shamba akaniandikia barua ya kunisifu. Nilipomaliza chuo, Wizara ya Kilimo, iliyokuwa ikiwaajiri karibu wenzangu wote, ilinipa kazi Kwale. Huko nilikutana na wakulima wa minazi na korosho, na kila nilipofika shamba jipya nilikumbuka kuinama kwanza, kisha ndiyo niseme.

Chuo nacho kiliendelea. Kuanzia mwaka 1979 kilipanuliwa kwa msaada wa Marekani, mwaka 1986 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu cha Egerton kwa sheria ya Bunge. Wanafunzi wakaongezeka, lakini Wizara haikuweza tena kumpa kila mmoja kazi. Vijana wengi walianza kutoka na shahada mkononi wasijue waende wapi, na waajiri nao wakanung'unika kwamba vijana wanajua kusema kuliko kutenda. Ule ua uliokuwa kati ya shule na shamba ulikuwa umegeuka ukuta.

Katika miaka ya karibuni nimefurahi kusikia ukuta huo unabomolewa. Egerton, pamoja na Chuo Kikuu cha Gulu cha Uganda, waliingia mwaka 2016 katika mpango wa pamoja wa vyuo vya kilimo vya Afrika, ambao sehemu yake moja ni kuwapeleka wanafunzi wakakae na wakulima wadogo vijijini, wale nao, walime nao, na wahadhiri wawafuate huko huko kuwakagua. Mkulima hahesabiwi tena kuwa ni mtu wa kuhubiriwa. Huhesabiwa kuwa mwalimu. Na kule Mbita, si mbali na Magunga, wataalamu wa wadudu wa kituo cha ICIPE, wakishirikiana na wakulima wa ziwani, walitengeneza tangu miaka ya 1990 njia ya sukuma-vuta. Hupandwa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, ambayo huwafukuza nondo na mizizi yake huizima kayongo, na majani ya napia huzunguka shamba kuwavuta nondo hao nje. Majani yote mawili hulishwa ng'ombe, nao hutoa samadi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama yangu wa Magunga, na samadi yake, na kubadilisha kwake mazao.

Sasa, msomaji, nirudie deni na daawa yangu. Katika sheria yetu mtu akiweka wakfu hujulikana kwa mambo mawili. La kwanza, faida yake huendelea baada ya yeye kufa. Hilo Egerton amelitimiza kwa kiasi ambacho matajiri wetu wengi wa Pwani, wenye majumba na mashamba, hawajalikaribia. La pili, anachokitoa sharti kiwe chake. Na hapo ndipo daawa yangu iliposimama, kwani eka zile alizozitoa kwa mkono mkunjufu zilikuwa zimetwaliwa kwa mkono mwingine. Siwezi kuita wakfu kilichokuwa malisho ya Mmasai. Wala siwezi kukana kwamba mkate ninaoula umetoka humo.

Kwa miaka mingi nilitafuta namna ya kuyapatanisha mambo hayo. Sasa mimi ni mzee, na naona kwamba deni lile halilipwi kwa Egerton, ambaye hesabu yake iko kwa Mola wake. Linalipwa kwa mama wa Magunga na wenzake. Wao ndio waliotengwa na mlango wa Njoro, na wao ndio walionifundisha kazi bila kulipwa hata senti. Kila mwajiri wa Pwani, awe na shamba la miembe Malindi au la minazi Msambweni, akimkubali kijana wa chuo ashike jembe lake kwa majuma machache na kumsahihisha kama mwanawe, analipa sehemu ya deni hilo. Na kila kijana akiacha viatu vyake mpakani mwa shamba, akainama kabla hajasema, naye amelipa.

Lile swali la mama sikupata kumjibu, kwani nilipopita tena Magunga miaka mingi baadaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ningemwambia kwamba ndiyo, mwenye jina la chuo alikuwa mwenye mali. Na kwamba alijua shamba ndilo darasa. Ila hakujua kwamba mwalimu wa darasa hilo angekuwa yeye.